Chungu Huanzia Mdomoni

Kazi yangu ni kuongea. Naongoza wageni jijini Mwanza: nawapeleka kwenye mawe makubwa ya ziwani, kwenye ngoma za Kisukuma, kwenye soko la samaki, na nikishaanza kueleza hakuna wa kunizima. Sijisifu bure. Wapo wageni waliorudi mara ya pili, na kati yao walikuwapo mke na mume kutoka Ufilipino, walionialika kwao nikaone wanavyotunza mambo ya kale. "Umetuonyesha kwenu," walisema, "sasa njoo tukuonyeshe kwetu." Mimi siyo mtu wa kubembelezwa safari.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga mama. Anaishi ng'ambo ya ghuba, upande wa Busisi, na ni mfinyanzi kama alivyokuwa mama yake. Enzi za kivuko vyungu vyake vilitoka sana, kwa sababu watu wakisubiri kuvuka walikuwa na muda wa kutazama. Sasa kuna daraja. Magari yanapita moja kwa moja, na vyungu vyake vimebaki kando ya barabara vikipigwa vumbi. Lakini hilo halikumuumiza sana. Lililomuumiza ni kwamba alizaa watoto wanne, wote wa kiume, na kwa akina mama wa ukoo wake mwanamume hagusi udongo wa vyungu. Akiugusa, chungu kitapasuka motoni. Wake zetu mmoja ni nesi, waliobaki wako Dar na mabinti zao, wanakuja Krismasi na kuondoka. Mama alikuwa akisema waziwazi, tukiwa mezani tunakula, kwamba kazi hii itazikwa naye.

Nasi tangu utotoni tulifurahia kufukuzwa. Nani alitaka matope? Mfinyanzi hulia gaeni: kwetu maji ya kunywa yalikaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa bluu, maana kila mtungi uliotoka motoni salama ulikuwa wa kuuzwa.

Basi nikaenda. Walinipeleka mkoa wa Ilocos Sur, pwani ya kaskazini, kwenye mji wa zamani unaoitwa Vigan. Nyumba zake ni za ghorofa, chini matofali mazito, juu mbao, na madirishani kuna vipande vyembamba vya gamba la chaza mahali pa kioo. Farasi wanavuta magari ya abiria juu ya barabara ya mawe. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba watu bado wanaishi humo: niliona nguo zimeanikwa kwenye roshani, nikasikia mtoto akigombezwa kwa kutomaliza chakula. Sipendi urithi uliofungiwa kabatini.

Mama wa yule mume mwenyeji wangu, bibi mwenye miwani, aliponipa mkono aliugeuza kiganja chini. Wajukuu waliokuwa mbele yangu waliinama wakaugusisha kwenye paji la uso. Nikaelewa papo hapo: hii ni shikamoo ya mkono. Nikainama, nikaugusisha kwenye paji langu, na nikaitamka shikamoo yenyewe. Bibi akacheka, akanishika shavu. Nilijiona nimeshamaliza nchi nzima.

Siku ya tatu tukaenda kwa wafinyanzi. Wanatengeneza mitungi mikubwa myeusi, ya siki na ya samaki wa kuchacha, na wote waliokuwa kazini walikuwa wanaume. Uani, nyati wa kufugwa alikuwa akizunguka polepole akiukanyaga udongo ulainike. Nilirekodi kila kitu kwenye simu.

Sasa, kila nilipopita nilikuwa nimeshatangaza kwamba mama yangu ni mfinyanzi. Pale nikatangaza tena, mwenyeji wangu akitafsiri. Mzee aliyekuwa kwenye gurudumu la kufinyangia akafuta mikono, akainuka, akanipisha kiti. Alidhani mtoto wa mfinyanzi ni mfinyanzi. Mtu mwenye akili angeeleza mwiko wa kwetu akabaki amesimama. Mimi nikakaa.

Gurudumu lilizunguka, udongo ukanitoroka mikononi ukaenda kutua kwenye shati la mwenyeji wangu. Tulicheka wote. Kuchekwa hakujawahi kuniua. Lakini yule mzee alipomaliza kucheka aliniuliza swali, na aliuliza kwa dhati, kama fundi anayeulizia habari za fundi mwenzake.

"Naona mama yako hana gurudumu. Sasa akifinyanga huanzia wapi, chini au mdomoni?"

"Chini," nikasema bila kupepesa.

Sikuwa najua. Nawaeleza wageni habari za machifu, za ngoma, hata za mawe, na sijui mama yangu anaanzaje chungu. Tukirudi garini niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya watu, na ilikuwa yangu peke yangu.

Niliporudi Mwanza sikupumzika. Kesho yake nilivuka daraja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Hawali huko?"

Nikamwonyesha video. Alipofika kwa yule nyati aliishusha simu mapajani, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe kwao hata ng'ombe anafinyanga," alisema, "halafu mimi nina wanaume wanne wamekaa!"

Nikaona mlango umefunguka. "Basi nifundishe, mama."

Kicheko kikakatika. "Mama yangu alikataza."

"Si umeona? Wanagusa wanaume, na mitungi haipasuki."

"Hiyo ni ya kwao. Na tena udongo uwahi ungali maji, baba. Wewe umeshakauka."

Nikaona afadhali nimalize na lililobaki kifuani. Nikamsimulia swali la yule mzee, na jibu langu.

"Ulimwambia chini?"

"Ndiyo, mama."

"Fundi mzima? Na wenzake wanasikia?"

"Wanasikia."

"Umenitia aibu," alisema, kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na bonge la udongo limefunikwa kitambaa kibichi. "Kaa pale. Usiguse. Tazama, ukamwambie."

Akaanzia mdomoni. Alikunja mkanda wa udongo ukawa duara, akaulainisha kwa jani, akajenga shingo na mabega. Nusu hiyo ya juu aliiacha hadi ikakaza kidogo, akaipindua, mdomo ukawa chini, akaendeleza tumbo. Tako likabaki wazi, na hilo ndilo la mwisho kuzibwa. Pale ndipo nilipoona mikono yake inatetemeka. Alijaribu kuziba, kingo zikamkimbia. Akajaribu tena.

"Shika hapa," akasema, bila kuinua uso.

"Mama, si ulisema..."

"Nimesema shika."

Nikashika. Udongo ulikuwa wa baridi, na vidole vyake juu ya vyangu vilikuwa vikavu na vikali. Tukaziba pamoja.

Vyungu vilikauka kwa majuma, kisha tukavichoma kwa kuni na nyasi, kimoja tulichofinyanga wote na vitatu vyake mwenyewe. Sikuficha kwamba naogopa. Majivu yalipopoa akavitoa kimoja kimoja, akivigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kimoja kilikuwa kimepasuka toka shingoni hadi tumboni. Kilikuwa chake.

Alikigeuza mara mbili, akakiweka kando. Kisha akakichukua kile tulichoziba pamoja, chenye tako lililopinda kidogo, akakigonga, akakigonga tena.

"Hiki nitakipeleka mjini," nikasema, "wageni wakione."

"Hiki hakitoki hapa."

Akakiingiza ndani, akakisuza vizuri, akamimina humo maji ya ile ndoo ya mfuniko wa bluu, na ndoo akaitoa nje wanywee kuku. Siku ya tatu nilipopita alinichotea kikombe. Maji yalikuwa ya baridi, yana ladha ya udongo. Nilikunywa yote nikiwa nimesimama.

"Umemwambia yule mzee?" akauliza.

"Nimemtumia ujumbe kupitia mwenyeji wangu. Mdomoni."

"Vizuri. Jumamosi uje na jembe, udongo umeisha."