Gasketi ya Gari la Mzee Kioko

Iko siku moja ya Mbooni, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo kichwa kinanizunguka. Nilikuwa kijana wa Zombe, kule Kitui, nimetoka kupeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mbithe kwenye milima ya Mbooni, na sisi Wakamba mbuzi hao wakishapokelewa, binti anahesabika ni wako. Basi natembea kifua mbele. Baba yake, Mzee Kioko, akanipeleka nyuma ya nyumba, akafunua magunia, nikaona gari jekundu la mbio la milango miwili, boneti ndefu, lile ambalo tukiwa watoto tulipanda mawe kulitazama likipita na vumbi siku za mashindano.

"Gasketi ya injini, ile ya kuziba kati ya silinda na kifuniko chake, imeungua," akasema. "Na mimi nataka Mbithe aende kanisa na hii gari. Si ni wewe ulisema unajua magari?"

Nilikuwa nimesema. Debe tupu haliachi kuvuma. Nikamjibu, "Hiyo ni kazi ndogo, Mzee. Hiyo gari naijua." Kumbe nilichokijua ni jina lake na rangi yake tu.

Nikaenda Kitui mjini, nikataja jina la gari, nikapewa gasketi, nikarudi nayo milimani nikiimba. Tulipofungua injini na kuilaza gasketi juu yake, matundu ya gasketi yalikuwa mapana kuliko silinda. Nikarudi kwa muuzaji na hasira zangu. Akanitazama kwa huruma.

"Kijana, wewe ulitaja jina, mimi nikakupa ya hilo jina. Yako ni ya mwaka gani? Ni ile ya kuuzwa huku, ama ni ile ya Japani kwenyewe?"

Hapo ndipo nilipopotelea. Akanieleza kwamba Wajapani walibaki na injini ndogo kwao, wakatuma nje injini kubwa, mwili ule ule, jina lile lile. Lile la Amerika lilikuwa na usukani upande wa kushoto, na miaka ilivyosonga wakaliongezea bampa nene na kulibadilishia kabureta. Muuzaji wa Machakos akaniambia nitazame mlango wa nyuma, ule wa buti: ukiwa na matundu ya hewa, gari ni la mwanzo. Mwingine akaniambia niachane na matundu, nitazame taa. Nikatazama. Matundu yalisema la mwanzo, taa zikasema la baadaye, usukani ukasema la kwetu, na injini ikanyamaza. Mwanangu, nilikaa chini kwenye nyasi nikahisi kulia. Siku ya kanisa ilikuwa inakaribia, na huko sokoni watu walishaanza kunong'ona kwamba yule mtu wa Kitui ni maneno tu. Mbithe naye alikuwa ananiletea chai, anaiweka, anaondoka.

Aliyeniokoa ni Susu, mama yake Mzee Kioko, ajuza ambaye maisha yake yote hakuwahi kufungua boneti. Alikuwa anaanika maharagwe uani. Akaniita.

"Wewe, acha hiyo chuma. Ingia pale barazani uniletee viatu vya Kioko."

Nikaenda. Nikakuta gumbuti za mzee, viatu vyeusi vya shule, na ndala ndogo kama kiganja. Katika nyumba ile, wajukuu wawili walikuwa wamepewa jina la babu yao, kama tunavyofanya. Nikarudi mikono mitupu.

"Susu, Kioko yupi?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Aiya! Kumbe unajua kuuliza! Wote ni Kioko, wote ni wa hii nyumba. Sasa huyo mdogo nikimvalisha gumbuti ya babu yake, atafika wapi?"

Nikaona aibu, nikacheka pia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, nikaokota ile gasketi iliyoungua, ambayo tuliitupa kando bila kuitazama, nikaifunga kwa gazeti niende kuilinganisha. Baadaye, kwa muuzaji, ilijulikana kwamba injini ilikuwa ndogo, ya Japani, ndani ya mwili uliouzwa huku, nami nikapata gasketi yake. Nani aliiingiza, na lini, hata Mzee Kioko hakujua. Mpaka leo nikiulizwa lile lilikuwa gari gani hasa, siwezi kujibu.

Lakini siku ile, kabla sijaondoka, Susu alinishika mkono, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Na Mbithe umemuuliza?"

"Nimuulize nini, Susu? Mbuzi si walipokelewa?"

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nikamtafuta Mbithe, nikamkuta kwenye cherehani yake. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, anataka tukaishi vipi.

"Kila siku unaniambia vile mama yako analima, vile mama yako anateka maji, vile nitakaa kama yeye," akasema. "Mimi si mama yako. Nilikuwa nimeshamwambia Susu kwamba hiyo siku ya kanisa ikifika, mimi siendi."

Wiki nzima nilikuwa nahangaika na gari, na mke ndiye aliyekuwa anaondoka.

Tuliongea hadi chai ikapoa, tukakubaliana kwamba ataishi kwa kushona, si kwa kumwiga mama yangu. Siku ya kanisa ilipofika alikwenda, ndani ya gari jekundu lililokohoa mteremko wote, na Zombe alikuja na cherehani yake.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayeagiza vitu kwa simu na unayekaribia kuoa au kuolewa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Jina lisikutoshe. Mtu akikuambia Wakamba ni Wakamba, mke ni mke, gari ni gari, ujue hajafungua kitu. Uliza aliyeko mbele yako ametoka wapi, amepitia nini, anataka nini, hata kama jibu litakuchanganya kuliko swali. Kuchanganyikiwa hakuui, mimi nimechanganyikiwa na Mbithe miaka yote hii na bado namuuliza. Mungu akupe mdomo wa kuuliza mapema na sikio la kungoja jibu, na nyumba yako isikose mtu wa kukurekebisha kwa kicheko. Amina.