Kibuyu cha Dada Koku

Sisi tuliokulia Bugomora zamani zile za mkoloni tulijua jambo ambalo wajukuu zangu, pamoja na shule zao zote, limewashinda. Kwenda mtoni, kila mtoto alikuwa na kibuyu chake. Mama alituchagulia vikiwa bado vibichi kwenye mmea. Dada Koku, kifungua mimba wetu, alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Chake kilikuwa kidogo kuliko vyetu, chenye shingo ndefu, maji yasimwagike akichechemea. Tulipanda kilima tukiimba, tumelowa umande, na hakuna aliyepima cha mwenzake.

Basi baba akaja na haki yake. Alirudi kutoka dukani na ndoo za bati, zote saizi moja, akatangaza, "Wote ni watoto wangu. Kila mmoja ndoo moja, na asiyeileta imejaa hali."

Haki gani hiyo, jamani? Koku alifika nyumbani amelowa chapachapa, ndoo iko nusu. Akalala njaa, na sisi tunakula ndizi na maharage mbele yake. Baba alimwonea huruma, lakini eti amri ni amri. Hadi leo nikikumbuka nachemka.

Kesho yake ndoo ikafika nusu tena. Mama hakubishana. Jioni alimwekea baba chakula kwenye jani la mgomba kama kawaida. Baba, aliyeshinda shambani kutwa, akanawa, akafunua, akakuta kipande kimoja cha ndizi na maharage kiduchu, kama fungu la kitinda mimba wetu.

"Mama Koku, nini hiki?"

"Sawa kwa wote, Baba Koku. Si ndivyo ulivyotaka?"

Baba akamwita Koku, akamsogezea lile jani. Asubuhi kibuyu kilikuwa kimerudi mahali pake, na ndoo akapewa ndama anywee.

Leo nikimimina soda, wajukuu wanainama mpaka pua ziguse meza, wahakikishe glasi zimelingana. Juzi Dada Koku alikuja na mkongojo wake, nikampa kiti chetu kimoja chenye mgongo. Mmoja akanuna, "Bibi, mbona yeye amepewa kiti?" Wamenichosha, kweli. Natamani mama angekuwepo awapakulie jioni moja tu, wote sawasawa na yule mdogo wao anayenyonya.