Alimnyooshea Mikono Mwanamke Nisiyemjua

Admin, nifichie jina, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa, nina saluni ndogo hapa Mwanza, nimeolewa na mwalimu na tuna binti mmoja wa miaka miwili na nusu. Nimwite Nuru. Mume wangu halewi, hanipigi, na Jumamosi nikiwa saluni yeye ndiye anabaki na mtoto. Mashoga zangu walikuwa wakinionea wivu. Sasa mwenye wivu ni mimi, na umenitoa mdomoni maneno ambayo nikiyakumbuka naona aibu.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Ujiji kuwasalimia wazazi. Treni ilitushusha Tabora asubuhi, na ya Mwanza ilikuwa inaondoka jioni. Mume wangu akanipigia: "Usikae stesheni kutwa nzima na mtoto. Kuna mwalimu mwenzangu wa zamani atakuja kuwatembeza muone mji." Alifundisha Tabora kabla hatujaoana, kwa hiyo sikushangaa. Nikajua ni mwanaume.

Akaja dada mrefu, kitenge kimemkaa, anatabasamu. "Poleni na safari dada, karibuni Tabora." Nitamwita Rehema.

Sasa jamani, Nuru wangu hawezi watu wageni. Hata kwa bibi yake alilia siku mbili ndipo akakubali kubebwa. Lakini alipomwona yule dada alimnyooshea mikono yote miwili, akapiga kelele, "Anti Ema!"

Nikamuuliza, "Amekujulia wapi?" Akababaika, akasema, "Watoto hawa bwana," akambeba.

Tukachukua bajaji hadi Kwihara, kwenye nyumba ya zamani ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Njia nzima anamweleza Nuru kama anaelewa: misafara ilipita hapa, watu wamebeba pembe za ndovu vichwani, wengine wamefungwa minyororo, wanatoka huko kwa bibi yako Ujiji wanaelekea pwani. Mimi niliyezaliwa Ujiji nimekaa pembeni na begi la nepi kama dada wa kazi. Kule ndani kuna kuta nene, ubaridi mzuri, na mlango wenye nakshi. Sikuona kitu. Nilikuwa nawaangalia wao tu. Akamlisha matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukaushwa, na mwanangu ambaye kijiko kimoja cha uji tunakimbizana nyumba nzima akala akamaliza. Kisha akambeba mgongoni kwa kanga yangu, mtoto akalala palepale.

Mzee anayeangalia ile nyumba akapita, akatuchekea kwa upole. Akamwambia Rehema, "Mtoto amefanana nawe mama, mpaka paji la uso."

Rehema akajibu, "Asante babu."

Asante! Mimi nimesimama hapo hapo! Nikamfungua kanga kwa nguvu, mtoto akaamka analia. Nikamwambia mbele ya yule mzee, "Nipe mwanangu. Kama unataka mtoto, zaa wa kwako!"

Yule mzee akainamisha kichwa, akaondoka. Rehema akanipa mtoto taratibu, akamvalisha vizuri kiatu kilichokuwa kinamvuka, kisha akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Dada, kama ningeweza kuzaa, mumeo angekuwa mume wangu."

Ndipo nikaambiwa kila kitu, tumekaa kwenye ngazi, Nuru analia anamtaka yeye. Walichumbiana miaka mitatu. Hospitali ikasema hatashika mimba, mama mkwe wangu akakataa ndoa, na mume wangu akakubaliana na mama yake. Mwaka uliofuata akanioa mimi. Nuru alipozaliwa, mume wangu akaanza kumpigia Rehema simu ya video Jumamosi, mimi nikiwa saluni. "Tunaongea na mtoto tu," Rehema akasema. "Nilidhani unajua. Juzi aliniambia ameshakwambia."

Tulirudi mjini. Pale stesheni nilimpigia mume wangu. Hakukataa hata moja. "Nilishindwa kukwambia mwenyewe. Nikasema mkionana utamwona si mtu mbaya." Yaani alimtuma yule mwanamke afanye kazi yake! Nililia mpaka abiria wenzangu wakanisogezea maji.

Nilipofika nikamwambia achague, afute namba ya Rehema au nirudi kwetu. Akaifuta mbele yangu. Nikadhani nimeshinda. Lakini sasa Jumamosi anakaa na mtoto kimya, na Nuru anachukua simu yoyote anayoiona anaiweka usoni, "Anti Ema, anti Ema." Kila nikimsikia naungua. Namuuliza mume wangu kama bado anampenda, ananijibu, "Namuonea huruma." Nyinyi mnaielewaje hiyo huruma? Maana mimi huruma ya namna hiyo sijawahi kuonewa.

Wiki iliyopita Rehema alinitumia ujumbe mimi: "Dada, nisamehe kwa ile asante. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mama, nikashindwa kumsahihisha. Sitampigia tena mume wako. Ila kama siku moja wewe mwenyewe utapenda, naomba nimsikie tu Nuru, hata dakika moja, wewe ukiwepo."

Nimeusoma mara nyingi mno. Sijajibu, sijaufuta, na mume wangu hajui. Kuna dakika namhurumia mpaka nataka kumpigia palepale, halafu nakumbuka mwanangu alivyolala mgongoni mwake na roho inanigeuka. Wanawake wenzangu, na nyinyi akina baba mnaonisoma, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, huyu mwanamke nimjibu nini?