Maiti wa Mazoezi Aliyetoa Talaka

Nitukaneni tu, nimeshazoea. Mimi ndiye yule mwanamume wa hapa Palma aliyempa mkewe talaka tatu siku aliyokuwa anaigiza maiti. Mlicheka mliposikia, najua. Leo nayasema kwa kinywa changu, kosa ni langu mimi, na kuna jambo ambalo hamkuambiwa.

Nina wivu, jamani. Wivu mbaya! Mke wangu, mama Zaina, akicheka na muuza vitunguu, mimi chakula hakipiti. Akichelewa kisimani nauliza kama kisima kimehama. Mwenyewe alikuwa akinijibu, "Baba Zaina, hiyo roho yako itakuua," kisha anaendelea na kazi zake.

Sasa, kila mwaka matropa wetu, yaani askari, na matropa wa nchi marafiki hukutana huku pwani kufanya mazoezi ya pamoja. Safari hii wakataka na raia wa kuigiza. Eti kijiji kimevamiwa, askari waje waokoe watu, wabebe majeruhi, wawapakie kwenye boti. Mtaa mzima tukajitokeza. Kulikuwa na wali na nyama, na fulana juu yake!

Nikamfuata mkalimani wa wale wageni, aliyekuwa akigawa nafasi, nikamwambia mimi niwe mume wa yule mwanamke pale, kwani ndiye mke wangu. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mrefu, mwembamba, utafaa maiti." Watu wakaangua kicheko. Na mume wa mke wangu akawa nani? Abacar kinyozi! Abacar wa manukato, anayewaita wake za watu "shemeji" kwa sauti ya kubembeleza. Yeye akapangiwa awe majeruhi, abebwe kwenye machela, na mke wangu amkimbilie akilia.

Mke halisi wa Abacar alikuwa pale pale, hana mbavu kwa kucheka. Yeye aliona ni mchezo tu. Mimi damu ilikuwa inachemka.

Wakanilaza mchangani, wakanifunika shuka jeupe mpaka kichwani, wakaniambia nisitikisike. Joto! Nzi! Sioni kitu. Lakini kusikia nilikuwa nasikia.

Firimbi ikalia, helikopta ikapita, mchanga ukaruka. Ndipo nikamsikia mama Zaina. "Mume wangu! Mume wangu, usiniache! Mtoto nitamwambia nini?"

Lo! Pale hapakuwa na kuigiza. Mke wangu namjua. Ile sauti ilitoka tumboni, ikakatika, ikaanza upya. Hata waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Nikawa najiuliza chini ya shuka, malaria iliponilaza hospitali alinililia hivi? Na mwaka ule tulipokimbia vita, tukapoteana porini, tulipokuja kuonana si alinipa maji na ugali tu, hata chozi halikumtoka? Kumbe machozi alikuwa anamwekea Abacar!

Nikafufuka. Nikalitupa shuka kule. Askari mmoja akanipigia kelele, "Wewe ni morto, maiti! Lala chini, morto halali macho wazi!" Sikumsikiliza. Mama Zaina alikuwa ameshika machela kwa mikono miwili, uso umelowa chapachapa. Nikamnyooshea kidole. "Nenda na huyo huyo! Nimekuacha! Talaka tatu!"

Maofisa wa kigeni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Wallahi, walinipigia makofi! Mkalimani peke yake ndiye aliyeshika mdomo. Mama Zaina alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka kwa miguu mpaka kwa mama yake.

Jioni nikaenda kwa shehe, nikajitetea kwamba tulikuwa tunaigiza.

"Huko kwenye mazoezi ulipangiwa kutoa talaka?" akaniuliza.

"Nilipangiwa kulala tu," nikasema.

"Basi umemwacha, mwanangu. Hakuna la kurudisha."

Mngedhani hapo nilijuta. Wapi! Bado nilikuwa na kiburi. Nilikwenda kwa mama mkwe nikitaka mama Zaina akiri kwamba ana jambo na Abacar, ili angalau watu waseme nilikuwa na haki. Mama mkwe alikaa kizingitini, hakunikaribisha. Mama Zaina akanijibu akiwa ndani, nyuma ya mlango.

"Abacar hata sura yake sikuiona," alisema. "Wewe walipokufunika, shuka lilikuwa fupi. Miguu yako ikabaki nje. Tulipopoteana, mimi na Zaina tulipita njia ya Nhica. Maiti wamelala kando, wengine wamefunikwa. Nilikuwa natazama miguu tu, kila mmoja, naitafuta miguu yako yenye kidole kilichopinda. Mtoto mgongoni, nimejiziba mdomo, maana ukilia unasikika. Kilio kile nilikimeza, sikukilia hata siku moja. Juzi nilipoiona miguu yako chini ya shuka, kikatoka chenyewe. Nilikuwa nakulilia wewe."

Yarabi! Mwanamume mzima nilimwonea wivu maiti, na maiti mwenyewe ni mimi!

Nililia pale uani mbele ya kuku. Mama mkwe akasema, "Umeshasikia. Sasa nenda." Nikaenda.

Eda imekwisha. Kuna mtu wa Pundanhar, mwenye duka, amepeleka posa, na nasikia mama Zaina amekubali. Rafiki zangu wananifariji, eti akiolewa kisha akaachwa nitaruhusiwa kumrudia. Aachwe na nani? Mwanamume gani mwingine atakuwa mjinga kama mimi? Pikipiki ya yule bwana naiona imeegeshwa pale kwa mama mkwe, roho inaniuma mpaka napita njia ya nyuma. Zaina akija kunisalimia natamani kumuuliza, huyo bwana anacheka na mama yako? Anamletea nini? Haki ya kuuliza niliitupa mwenyewe.

Ndugu yangu mwenye wivu kama wangu, nakusihi. Mkeo akilia, shika ulimi wako. Ukishindwa kabisa, muulize anamlilia nani, umuulize angali mkeo. Mimi jibu nilipewa nyuma ya mlango, nikiwa mtu baki kama wengine.