Jogoo wa Kuingilia Nyumba

Mtu akikuambia kwamba yeye ndiye wa kwanza kuezeka mabati kwenye njia yetu ya kushukia ziwani, mwambie aje aniulize mimi. Nilisoma mpaka darasa la pili tu. Nikatoka, nikaanza kubeba samaki wakavu kwa baiskeli kutoka ziwani hadi Busia, na kwa samaki hao nikajenga. Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ungali mbichi. Wale wenye vyeti waliokuwa wakinicheka walikuwa bado wanalala kwenye nyumba za nyasi.

Lakini nyumba ilipokwisha, kilibaki kitu kimoja nisichoweza kukinunua dukani. Kwetu mwanamume haingii tu nyumba yake mpya akalala. Mkubwa wa ukoo hutangulia mlangoni, jogoo mkononi, nawe unafuata nyuma yake. Baba alikuwa amekufa zamani. Aliyebaki juu yangu ni kaka mmoja tu, naye alikuwa Tororo, sokoni. Hatukuwa tumeonana tangu siku nilipomwambia mbele ya watu kwamba kazi yake ni ya mtu aliyeshindwa. Bila yeye, nyumba yangu ilikuwa ghala. Hata wazee wa msichana niliyekuwa nikimposa walinijibu hivyohivyo: ingizwa kwanza, halafu uje.

Basi asubuhi moja nikavaa koti, nikatundika ufunguo shingoni, nikaenda.

Kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na kipande cha barabara kisicho na mwenyewe, na vijana walikuwa wameanza kuvusha watu hapo kwa baiskeli, wamefunga kiti cha sufi nyuma. "Boda! Boda!" wakaita.

"Panda, bwana mkubwa," mmoja akaniambia. "Wewe mzito, lakini baiskeli yangu imezoea magunia."

"Mimi nimebeba mizigo mizito kuliko yako kabla hujajua kukanyaga pedali."

"Basi njoo mbele uniendeshe!"

Watu wote pale wakacheka. Nami nikacheka, nikageuka kama mtu anayetaka kucheka na mwenzake, nikakuta nyuma yangu ni barabara tu.

Upande wa pili nikapata lori lililokuwa likifuata saruji Tororo. Nikakaa mbele na dereva, nikamweleza nyumba nzima: vyumba vinne, madirisha ya vioo, mabati ambayo ukiyatazama mchana yanakuumiza macho. Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Na nyumbani mko wangapi?" akauliza.

Nikamwonyesha ule mwamba wa Tororo uliokuwa umetokeza mbele yetu. "Kumbe tumekaribia," nikasema.

Soko la Tororo nililizunguka lote kabla sijathubutu kufika kwa kaka. Nikaonja karanga, nikapapasa ufuta, nikauliza bei za vitu nisivyovitaka ili niongee na watu. Kila kundi lilikuwa linapiga soga kwa lugha yake, na nikisimama wananigeukia kwa Kiswahili, wakishaniuzia wanarudi kwenye soga yao. Kwa mama mmoja wa kuku nikachagua jogoo mweupe.

"Hii iko nguvu, ssebo," akasema, ndivyo wanavyomwita bwana kule. "Nalia hapa, watu ya kule Kisoko nasikia. Nakwenda na yeye kwa mkwe?"

"Ni ya kuingilia nyumba."

"Eeh! Basi mkubwa wako iko. Una bahati."

Kaka nilimkuta mwisho wa soko, amekaa juu ya jiwe, sufuria iliyotoboka katikati ya magoti. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuziba sufuria za watu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Hakuinuka, lakini alisogeza karai moja ili nipate pa kukaa.

"Habari, kaka."

"Mzuri."

Nikamweleza nilichojia. Sikuomba msamaha, sikuwa najua kuomba. Akafuta mikono, akamchukua jogoo, akampapasa kifua.

"Ni jogoo mzuri," akasema. Kisha akaanza kutia nyundo na mkasi wa bati ndani ya gunia. Alikuwa anakuja! Moyo ulinijaa, na moyo ukinijaa mdomo wangu haukai.

"Utaiona, kaka! Hakuna nyumba kama ile toka Busia hadi ziwani. Mvua ikipiga yale mabati, mtu akikuita nje humsikii."

Mkono wake ukasimama ndani ya gunia.

"Umeisikia ukiwa wapi?"

Nikaushika ufunguo shingoni.

"Nakuuliza, ulikuwa wapi mvua ikinyesha?"

"Ndani."

"Ulilala?"

"Siku nne tu. Kuna wezi wa mabati, kaka. Hakuna aliyeniona. Nani atajua?"

"Mimi." Akatoa nyundo, akairudisha juu ya jiwe. Akanirudishia na jogoo, polepole, kama anayerudisha sufuria ya mtu. "Sasa nije nimwingize nani? Umeshajiingiza. Kaibomoe. Ukijenga nyingine, hata ya nyasi, nitakuja kwa miguu."

Nikangoja acheke. Akaanza kugonga sufuria.

Nilirudi kwa basi, jogoo chini ya kiti. Mpakani nikamkuta kijana yuleyule wa baiskeli.

"Bwana mkubwa, jogoo imekataliwa?"

"Twende," nikamwambia.

Sikuibomoa. Mtu aliyetoka chini kama mimi atang'oaje mabati yake kwa mkono wake mwenyewe? Wazee wa yule msichana walimpa mwingine. Kaka alifia hukohuko Tororo, na mlango wangu hakuugusa. Nina maduka mawili sasa, na nyumba bado imesimama, muulize yeyote.

Lakini mvua ikianza, mimi hufungua mlango, nikakaa pale kizingitini mpaka ikatike. Ni kweli nilivyomwambia kaka. Mtu akikuita nje, humsikii.