Siku Niliyozima Injini Katikati ya Miti

Wiki iliyopita jirani yangu hapa mjini Wote alimwita mtu wa kumkatia nyasi kwa mashine. Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikaingia jikoni kwangu, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikaweka sufuria chini na kushika ukingo wa sinki. Harufu hiyo hunirudisha kwenye maji kila mara. Ngoja niwaeleze, maana hata mume wangu sijawahi kumweleza yote.

Nilizaliwa upande wa Kitui, mbele ya Mwingi, kando ya bwawa kubwa. Maji yalipopanda, kabla sijazaliwa, yaliikuta miti imesimama, na miti ikafia humo humo, mikavu na myeupe. Kwenda ng'ambo ilikuwa lazima upite katikati yake, mahali pembamba tulipopaita Mlango.

Baba alibadilishana fahali wake mkubwa na mashua ya mvuvi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa mashua ndogo yenye mlingoti mfupi, tanga la viraka na injini iliyofungwa nyuma. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mkamba na mashua! Walimuuliza atalima nayo shamba gani. Baba hakujua kuogelea, na hajui hadi leo, lakini aliwajibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye maji mapana alitumia tanga kuokoa petroli. Akikaribia Mlango alilishusha, maana tanga na matawi haviwezani, akawasha injini.

Mimi ndiye nilikuwa mwongoza ng'ombe wake. Waliolima kwa plau wanajua: baba yuko nyuma ameshika plau, mtoto yuko mbele na kamba. Ukivuta kushoto, ng'ombe wanaenda kushoto. Ukisema "hoo", wanasimama. Kwenye mashua kila kitu kilikuwa kinyume. Anayeongoza anakaa nyuma, na akitaka kichwa kiende kushoto anasukuma mpini wa injini kulia. "Wachana na kichwa," Baba alinifundisha. "Sukuma mkia, kichwa kitajipeleka." La pili alilirudia mpaka nikalichoka: ukizima injini huna usukani tena, mashua inaenda inakotaka upepo. Kwenye nafasi ndogo, mpe mafuta kidogo, mwache. Mpe, mwache. Lakini usimzime. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijiona nahodha.

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito. Nilikuwa na kaka watatu wadogo, wote watundu, na nilitaka dada hata nikamwombea kanisani kwa sauti, watu wakacheka. Nilishamsukia kiondo, kikapu kidogo cha kuchezea, cha uzi mwekundu na wa kijani.

Uchungu ulimshika asubuhi moja, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kufika saa sita Syombua, mkunga wetu, alitoka nyumbani akijipangusa mikono na kumwambia Baba, "Hii imenishinda. Mpeleke hospitali." Mvua ya kwanza ilikuwa imekata barabara ya Mwingi, lakini bwawa lilikuwa bado halijajaa, na miti ilikuwa imetokeza zaidi ya kawaida. Hapakuwa na njia nyingine. Ng'ambo kulikuwa na pikapu za wachuuzi wa samaki.

Mama alilazwa kwenye godoro katikati ya mashua, kichwa kwenye mapaja ya Syombua. Tulivuka maji mapana kwa tanga na injini pamoja. Tulipofika Mlango Baba alishusha tanga, akachukua upondo na kwenda kusimama mbele ili atusukume mbali na magogo. Kisha akasema bila kugeuka, "Mwende, shika mkia."

Miti miwili ya kwanza niliipita vizuri. Mama hakulia, aliuma pindo la leso tu. Kwenye mti wa tatu upepo ulitupiga ubavuni, gogo kubwa likaanza kutujia. Baba akapiga kelele, "Mkia! Sukuma mkia!" Na mimi nikafanya kile ambacho mikono yangu ilikizoea tangu utotoni shambani. Nilisimamisha ng'ombe. Nilizima injini, na nafikiri hata nilisema "hoo".

Mashua haikusimama. Ilisukumwa pole pole mpaka pua ikagota gogo moja, ubavu ukalalia jingine, na mlingoti ukanasa kwenye tawi. Baba aliegemea upondo kwa nguvu zake zote, ukazama kwenye matope.

"Sasa umezima nini, Mwende? Hii si ng'ombe!"

Sauti yake ilikatika hapo mwisho, na ndipo nilipojua kwamba baba yangu anaweza kulia. Nilivuta kamba ya injini mara moja, mara tatu, mara saba. Haikuwaka. Petroli ilinuka kila mahali. Syombua alianza kumwita Ngai, Mungu wetu, kwa sauti ya juu. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: dada yangu anakufa, na anayemuua ni mimi.

Mama akafungua macho. "Mwende. Niangalie. Pumzika kidogo, halafu uvute."

Nilimwangalia. Nikapumzika. Nikavuta, ikawaka. Mpe, mwache. Mpe, mwache. Mkia ulisogea, kisha pua ikateleza kwenye gogo, na lile tawi likavunjika na kutuangukia. Tukatoka.

Mama alirudi baada ya siku tisa, mikono mitupu. Kiondo changu nilikitia motoni wakati hakuna aliyeniona. Hakuna aliyenilaumu, hakuna aliyesema neno. Lakini Baba hakuniambia tena nishike mkia, na mimi nikaihesabu hiyo kuwa hukumu yangu. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mzima kabisa, nililia mpaka nesi akadhani nina maumivu.

Sasa nirudi jikoni. Mama alikuwa amekuja kututembelea, ameketi kwenye kigoda akimenya mbaazi. Aliniona nimeshika sinki.

"Hii harufu bado inakusumbua?"

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. "Nilimuua, Mama. Nilizima injini."

Akaacha kumenya. "Ulimuua nani?"

"Mtoto."

Aliweka ungo wa mbaazi sakafuni. "Mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni tangu jana yake. Mimi nilijua, Syombua akajua, nikamwambia babako kabla hatujatoka nyumbani. Hatukuwa tunapeleka mtoto, Mwende. Mlikuwa mnanipeleka mimi."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Ungeendesha aje ukijua? Baadaye ukanyamaza, nikafikiri umeelewa. Na babako hakukunyima mashua kwa hasira. Aliona haya. Alimpa mtoto mzigo wa mtu mzima."

Sitawaficha, nilikasirika. Miaka yote hiyo, kwa maneno ambayo yangesemwa jioni moja! Kisha nikamkumbuka amelala mashuani pale kati ya magogo, mtoto wake amekufa ndani yake, watoto wengine wameachwa kwa jirani, na yeye mwenyewe hajui kama atafika. Hakupiga kelele. Aliniambia nipumzike kidogo.

Mashine ya jirani ikanyamaza. Nilivuta kigoda kingine, nikakaa karibu naye na kuchota mbaazi kutoka kwenye ungo wake. Nilikuwa nimemvusha mama yangu, na muda wote huu nilimlilia abiria mwingine, huku huyu aliyefika ameketi jikoni kwangu, akiniuliza kama nina chumvi ya kutosha.