Melania na Mtu wa Kumi na Tatu

Mke wangu Melania alifariki mwaka jana, mwezi wa saba. Xiaobei, mtaa wetu Waafrika kule China, wanamkumbuka kwa sare za shule alizokuwa anazipeleka kwetu Kahama. Mimi nataka kusema habari ya raga.

Raga yetu si ile ya watu kumi na tano. Ni ya kumi na tatu. Mpira kwa mkono unarushwa nyuma tu. Ukikabwa ukaangushwa, unainuka, unauweka chini, unausukuma nyuma kwa soli, mwenzako anauchukua. Mnakabwa mara sita. Ya sita ikifika, mpira si wenu tena. Ukiukandamiza chini nyuma ya mstari wao ni trai, pointi nne. Ndiyo hivyo tu.

Ligi inaitwa Ligi ya Mto Lulu. Waliianzisha wanafunzi wa Papua na mafundi wa meli wa kule Nansha. Mwanzo timu zilikuwa tatu. Nansha, watu wa bandarini, sisi tuliwaita Winchi. Foshan, watu wa viwanda vya vigae. Zhuhai, walimu wa Kiingereza na wapishi wawili wenye shingo kama magogo. Timu tatu ni shida. Kila Jumamosi mbili zinacheza, moja imekaa. Wakaanza kutafuta ya nne.

Wakaja mchana mtaani kwetu, barabara ya Huanshi Zhonglu. Wakawakuta watu wetu wanafunga mizigo nje ya godauni ya Melania. Robota la nguo unalikumbatia, unalilalia, unalikaza kamba mpaka linatulia. Mpapua mmoja akasimama anatazama, hasogei.

"Bosi wa hawa nani?"

"Mimi," Melania akasema. "Una mzigo?"

"Nataka kumi na tatu."

"Kumi na tatu hata kesho yanaondoka. Nguo au viatu?"

Walipoelewana alicheka mpaka akakaa juu ya robota. Jioni akaniambia, "Mikaeli, hapa sisi ni watu wa kuja na kuondoka. Viza ikiisha, na wewe umekwisha. Nataka kitu kimoja chenye jina letu kibaki."

Ndiyo tukawa timu ya nne. Xiaobei. Wenzetu wakatuita Marobota, nasi tukalipenda.

Mechi ya kwanza tuliaibika. Kukaba tulijua, hapo hakuna aliyetufundisha. Lakini mara ya sita ilipofika, refa akataka mpira, Jaffari hakuutoa. Jaffari ndiye nahodha, mtu wa Tanga, muuza simu.

"Laoban," akamwambia refa, kama anamwita bosi wa duka, "ongeza moja tu. Sisi wateja wapya."

Refa wetu ni Bwana Liang, mwalimu mstaafu wa michezo. Akatikisa kichwa. "Bu xing." Haiwezekani.

"Basi nusu."

Akatolewa nje dakika kumi. Anatoka huku bado anataja bei. Kuanzia siku hiyo Melania akapiga marufuku: uwanjani hakuna kupatana.

Tulifungwa na kila mtu. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni watu. Sheria inasema anayecheza awe ameandikishwa mwanzo wa msimu. Maonyesho ya biashara kule Pazhou yakianza, mji unajaa ndugu zetu, wanaume wenye vifua, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kugusa mpira. Walioandikishwa ndio wanaojua Kichina. Na wanaojua Kichina ndio wanaochukuliwa Pazhou kutafsiri. Mara mbili tulifika uwanjani pungufu. Ligi ikaandika barua: ya tatu mnatoka, nafasi wanapewa Dongguan.

Basi Jumamosi moja ya vuli, siku ya mwisho ya maonyesho, mechi iko Nansha, saa tisa. Tunahesabu watu kwenye basi. Kumi na wawili. Derick hayupo.

Derick ni wa Mwanza, mbio zake si za kawaida. Akapiga simu. "Mama, niko Pazhou. Dada Hafidha amekataa kuniachia. Anafunga biashara ya blenda leo."

Melania akateremka kwenye basi. "Ninyi nendeni. Mikaeli, nenda nao."

"Wewe je?"

"Nenda nao, nimesema."

Yaliyotokea Pazhou Hafidha mwenyewe alinisimulia. Ni mfanyabiashara wa Unguja, maneno yake hayaishi. Anasema Melania alifika anahema, hakusalimia.

"Hafidha, mpe ruhusa Derick."

"Bi Melania, wallahi siwezi. Nikimwachia huyu nitaibiwa na macho yangu yakiona."

"Nichukue mimi."

"Wewe?"

"Miaka kumi na tisa nazozana na viwanda. Derick ana mingapi?"

Hafidha akamtazama. "Na mechi yako?"

"Kwani mimi ndiye ninayecheza?"

Derick akakimbia kwenye treni. Melania akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya blenda. Alikuwa hajakosa mechi hata moja.

Derick alifika saa tisa kasoro dakika kumi. Viatu alivalia njiani. Nikampigia Melania na sikukata tena.

"Filimbi imelia," nikamwambia. "Tuko kumi na tatu."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Asante Mungu." Halafu namsikia anamwambia mwingine, "Tai gui le!" Ghali mno hiyo. Halafu kwangu, "Endelea."

"Winchi wamefunga."

"Bu yao!"

"Hata mimi sitaki."

"Si wewe, namwambia laoban. Wamefungaje?"

"Wamepita kulia. Kumi kwa bila sasa."

"Mwambie Jaffari asimame kulia!"

Nikapiga kelele. Jaffari akasimama kulia. Akamkunja mtu wa kreni kama anafunga mashuka. Mpira ukaanguka, Derick akauokota, akaondoka. Nikasahau simu. Nilikuwa naruka.

"Mikaeli! Mikaeli we! Nini?"

"Trai! Derick! Trai!"

Kwenye simu nikasikia makofi ya ukumbini. Hafidha alikuwa amewatangazia watu wa banda zima, na Wachina wa blenda wakapiga makofi bila kujua ya nini.

Kipindi cha pili kama kile sijawahi kuona. Wao wanafunga, sisi tunafunga. Mimi nasema, yeye anapatana, mara anashangilia, mara anagomba, sijui lipi langu lipi la kiwanda. Tukafika kumi na sita wao, kumi na nne sisi. Dakika nne zimebaki. Mpira wetu.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mikaeli, laoban amekasirika. Anasema nichague simu au bei. Nimemwahidi Hafidha."

"Dakika nne tu, mama!"

"Nimemwahidi. Nakata."

Akakata.

Dakika zile nne nilizitazama peke yangu. Nitazisema, lakini ngoja kwanza afike.

Alifika karibu na saa kumi na mbili, jua linazama, Hafidha nyuma yake amebeba blenda ya sampuli. Watu wote walikuwa wanakula, timu zote mbili, wamekaa kwenye nyasi.

"Tumebaki kwenye ligi?" akauliza kutoka mbali.

"Tumebaki," nikasema. "Na tena..."

"Mzee, funga mdomo!" Jaffari akaruka. "Usimwambie! Tunamwonyesha."

Akawainua Winchi. Wakanung'unika, mikononi mapaja ya kuku, lakini wakainuka. Bwana Liang akatafuta filimbi yake mfukoni. Kila mtu akarudi pale alipokuwa zimebaki dakika nne.

Ya kwanza, Jaffari akaingia katikati, wakamlalia watatu. Bwana Liang akanyoosha kidole kimoja. Ya pili, hatua tano. Ya tatu, tukarudishwa nyuma, tukaigiza hata huko kurudishwa. Melania ameshika mkono wangu, kucha zinaingia. Ya nne. Ya tano. Mpira ukatoka, mkono kwa mkono, ukafika kwa Derick pembeni kabisa. Mbele yake amebaki mmoja, Lao Huang, bonge la bandarini. Kwenye mechi yenyewe Lao Huang aliteleza, Derick akapita.

Sasa hakuteleza. Alimkumbatia Derick kiunoni, akamlaza hatua moja kabla ya mstari.



"Kwa hiyo hamkufunga?" Melania akauliza.

"Tulifunga mama! Huyu alianguka! Wewe Huang, si ulianguka?"

"Saa ile nyasi zilikuwa na maji," Lao Huang akasema, anacheka, bado kamlalia mwenziwe. "Sasa zimekauka."

Ugomvi ukaanza, wa kucheka. Jaffari anamvuta Huang mguu. Bwana Liang anapuliza filimbi, hakuna anayesikiliza.

Melania akaachia mkono wangu. Akaingia uwanjani na mkoba wake begani, akamnyang'anya Derick mpira pale chini, akavuka mstari, akapiga magoti, akaukandamiza kwenye udongo kwa mikono miwili. Bwana Liang akanyoosha mkono. Trai. Kumi na nane kwa kumi na sita. Ushindi wetu wa kwanza.

Kwenye treni nikampa leso apanguse magoti. Akaisukuma. "Acha," akasema. "Acha watu wa Xiaobei waone."